Kabati Lenye Kufuli Tatu

Nyumbani kwa fundi cherehani kuna kabati la vioo. Ndani yake kuna vikombe kumi na viwili vyenye mstari wa dhahabu mdomoni. Vina umri wa miaka kumi na minne. Kila mwezi vinatolewa, vinaoshwa, vinafutwa na kurudishwa. Hakuna mtu aliyewahi kuvinywea chai.

Wenye nyumba wananywea vikombe vya plastiki. Kimoja kimepasuka mdomo, na hicho ndicho cha baba. Makochi bado yana nailoni ya dukani. Ukikaa umevaa kaptura siku ya joto, kuinuka ni kazi. Rimoti ya televisheni nayo imevalishwa mfuko na kufungwa kwa mpira. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita fundi huyu Mama Kabati. Yeye hakasiriki. Husema anatunza vitu vyake, na anayeona vibaya afumbe macho.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole anayependa utani. Wana binti mmoja, yuko darasa la sita. Wamempa jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki.

"Mama," Chiriku alisema asubuhi moja, "hivi vikombe vya kabatini vinamsubiri nani?"

"Wageni."

"Shangazi alikuja juzi. Yeye si mgeni?"

"Shangazi yako ni mtu wa nyumbani."

"Na mwalimu mkuu alipokuja?"

"Yule alikuwa na haraka."

Baba alikunywa chai yake kwa upande usiopasuka. "Mwanangu, usijisumbue," alisema. "Mimi nasubiri kuwa mgeni tangu nilipooa, na zamu yangu haijafika."

Siku hiyo mwalimu mkuu aliita kamati ya wazazi. Mama Kabati ndiye mwenyekiti wake. Mwalimu mkuu alisoma barua kutoka ofisi ya elimu. Darasa la sita lingepewa vishikwambi thelathini na tano. Kishikwambi ni kompyuta bapa, ukubwa wa daftari, na unaiendesha kwa kidole. Kila mwanafunzi angekuwa na chake. Baada ya miezi miwili angekuja afisa kuona mpango wa shule. Mpango ukiwa mzuri, madarasa yote yangepata. Ukiwa mbaya, hata vile thelathini na tano vingekusanywa na kupelekwa shule nyingine.

Habari hiyo ilikuwa kubwa. Darasa la sita lilikuwa na kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto wanne. Aliyekaa pembeni aliona nusu ya mstari tu. Chiriku alikaa pembeni.

Kamati ilizungumza kwa saa mbili. Saa ya kwanza walizungumza juu ya wezi. Saa ya pili walizungumza juu ya watoto waharibifu. Mjumbe mmoja, muuza dawa, alihesabu akaona wanafunzi ni thelathini na wawili. Akashauri vilivyozidi virudishwe, maana ofisi imekosea hesabu. Mwisho Mama Kabati alisimama.

"Tutengeneze sanduku la chuma," alisema. "Liwe na kufuli tatu. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu mkuu, mmoja mimi, mmoja mjumbe wetu muuza dawa. Bila sisi watatu, halifunguki. Mwizi akiliona atakaa chini alie."

Wakampigia makofi. Mumewe alipewa kazi, akachomelea sanduku ambalo watu wanne walilibeba kwa shida. Vishikwambi vikaingizwa. Kufuli tatu zikabana.

Jumatatu ya kwanza ya somo, muuza dawa alikuwa amesafiri kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, na ufunguo mfukoni. Watoto wakakaa wakilitazama sanduku mpaka kengele ikalia. Jumatatu ya pili muuza dawa alikuwepo, lakini Mama Kabati mwenyewe alikuwa sokoni kununua vitambaa. Jumatatu ya tatu wote watatu walifika. Sanduku likafunguliwa. Vishikwambi vyote vilikuwa vimeisha chaji.

Jioni, wakati wa chakula, mama aliuliza kwa hamu. "Haya, umekishika?"

"Nimekishika," alisema Chiriku. "Ni cheusi na kizito kidogo. Nimeona uso wangu kwenye kioo."

"Kiliwaka?"

"Hapana, mama. Lakini uso nimeuona vizuri."

Baba aliangua kicheko. Kisha alimtazama mkewe, akakimeza. Mama Kabati alikuwa ameacha kula. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda bure, na kufuli zilikuwa wazo lake. Aliona aibu, na hakujua pa kuiweka.

Kesho yake alikuwa dukani kwake akishona. Chumba cha pili alikuwa amepanga msichana anayetengeneza simu. Watu walimwita Fundi Simu. Kabla ya kuhamia mtaa huo, alikuwa mtunza vifaa katika shule ambayo kila mwanafunzi alikuwa na kishikwambi. Mama Kabati alimwita.

"Mwanangu, hebu niambie. Kule shuleni kwenu, sanduku lilikuwa na kufuli ngapi?"

"Shikamoo, mama. Moja tu."

"Marahaba. Moja? Na hamkuibiwa?"

"Kimoja kilipotea, tukakipata siku hiyo hiyo. Kila kishikwambi kilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mtoto wake. Kwa hiyo kikikosekana, tunajua mara moja ni kipi na nani wa kuulizwa." Fundi Simu aliweka bisibisi chini. "Ila mama, naona nyinyi mmeanza na kufuli. Sisi tulianza na swali."

"Swali gani?"

"Watoto watavifanyia nini? Somo lipi, siku zipi, kwa dakika ngapi?"

Mama Kabati alisimamisha cherehani. "Hilo hatukuulizana."

"Mtu akikuletea kitambaa, wewe unaanza kwa mkasi?"

"Thubutu. Namuuliza anataka nguo gani. Kisha nampima."

"Basi twende tukaipime shule."

Wakaenda siku hiyo, na mwalimu mkuu akawatembeza. Darasa la sita lilikuwa na soketi moja, tena imelegea na kutoa cheche. Intaneti ilipatikana ofisini tu, na hapo ni pale inapojisikia. Mwalimu wa darasa alikuwa na miaka ishirini kazini. Fundi Simu alimuuliza kama amewahi kutumia kishikwambi. Alikohoa. Akatazama dirishani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani kinawashiwa wapi?"

"Hiyo si aibu, mwalimu," alisema Fundi Simu. "Aibu ni kukupa darasa kabla ya kukufundisha. Walimu wanapewa kwanza. Wanakwenda navyo nyumbani, wanavizoea. Watoto wanafuata."

Mwisho walifika stoo. Kwenye kona kulikuwa na kompyuta sita zilizoletwa miaka tisa nyuma. Zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyenye maua pembeni. Fundi Simu alifunua kimoja. Panya akaruka, akapita katikati ya miguu ya mwalimu mkuu. Ndani ya kompyuta mlikuwa na kiota chake, amekitandika vizuri.

"Zilitumika lini mara ya mwisho?" aliuliza Fundi Simu.

"Hazikutumika," alijibu mwalimu mkuu. "Tuliogopa zitaharibika."

Mama Kabati alishika kile kitambaa, akapitisha kidole kwenye maua. "Mshono huu naujua," alisema. "Nilishona mimi."

Alipofika nyumbani, alimkuta mumewe akinawa mikono.

"Baba Chiriku, lile sanduku lako linaweza kukatwa?"

"Chuma chochote kinakatwa. Ila lile nililibana kwa mapenzi, litanitoa jasho."

"Likate."

Kamati ilikaa tena, na safari hii Fundi Simu alialikwa. Walikubaliana kuanza na kusoma, kwa sababu vitabu ndivyo vilivyokosekana. Somo lingekuwa siku tatu kwa wiki, dakika arobaini. Kwa masomo mengine, daftari na kalamu zingeendelea na kazi yake. Hadithi na mazoezi yangeingizwa ndani ya vishikwambi mapema, ili somo lisiingoje intaneti. Kuhusu ile hesabu ya ofisi, Fundi Simu alifafanua kwamba haikukosewa. Kimoja ni cha mwalimu. Viwili ni vya akiba, ili kimoja kikienda kwa fundi, mtoto asikae bure. Muuza dawa alikuna kichwa, akacheka mwenyewe.

Fundi umeme alibadilisha soketi mbovu na kuvuta waya mpya unaobeba mzigo wa kuchaji. Baba Chiriku alikata matundu ya hewa kwenye sanduku, maana vishikwambi vinapochajiwa hupata joto. Ndani akatengeneza rafu zenye nafasi thelathini na tano, kila moja na namba yake. Vingechajiwa asubuhi kwa mafungu mawili, mwalimu akiwepo. Kufuli ikabaki moja. Ufunguo mmoja alipewa mwalimu wa darasa, na wa pili ukakaa ofisini.

Kwa wiki mbili, walimu walibaki baada ya vipindi kufundishwa na Fundi Simu. Mwalimu wa miaka ishirini kazini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka kila siku. Alikuwa amegundua kwamba maandishi yanaweza kukuzwa, na miwani yake ikapata likizo.

Kisha wazazi wakaitwa. Ukurasa mmoja wa makubaliano ulisomwa kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Mtoto akiona picha au ujumbe unaomtisha, amwambie mwalimu au mzazi, wala asigombezwe kwa kusema. Akiangusha kishikwambi, aseme siku hiyo hiyo.

"Na akikivunja?" aliuliza mama mmoja. "Tumchape?"

"Hapana," alisema Fundi Simu. "Ukimchapa huyo, wenzake wataficha. Na ufa mdogo ukifichwa, mwezi ujao kifaa kimekufa. Akisema mapema, natengeneza."

Mwenyekiti, Mama Kabati, alikuwa wa kwanza kutia sahihi.

Siku vishikwambi vilipowaka, darasa zima lilinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake. Chiriku alisoma mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akausoma tena, kwa raha tu.

Wiki ya pili, Chiriku aliingia dukani kwa mama yake bila kusema kitu. Mama Kabati aliinua kichwa haraka. Chiriku kimya? Hapo kuna jambo.

"Mama, nimekiangusha. Namba kumi na saba. Nilikuwa namwonyesha mwenzangu mahali pa kuchekesha, kikaponyoka. Kioo kimepasuka."

Damu ilimpanda Mama Kabati usoni. Miaka kumi na minne hajapasua kikombe hata kimoja, na binti yake amepasua mali ya shule ndani ya wiki mbili. Alifungua mdomo kumgombeza. Kisha akaikumbuka sahihi yake kwenye ule ukurasa wa makubaliano.

"Umemwambia mwalimu?"

"Ndiyo. Kwanza mwalimu, halafu nimekuja kwako."

"Umejikata?"

"Hapana."

Mama Kabati alishusha pumzi. "Umefanya vizuri kusema. Kaa hapa, unywe maji."

Chiriku alikaa, akaanza kulia, kisha akaanza kuongea, na hapo mama yake akajua mambo yamekaa sawa. Kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Fundi Simu. "Kioo hicho kitanichukua siku mbili. Kesho asomee cha akiba."

Wiki hiyo Mama Kabati alishona majalada thelathini na tano kwa mabaki ya kitambaa kizito. Yalikuwa na lastiki kwenye pembe na kamba ya kupitisha mkono, ili kishikwambi kisimponyoke mtoto. Safari hii alishona kitu cha kushikia, si cha kufunikia.

Afisa alikuja siku aliyoahidi. Alikuwa mwanamke wa makamo, asiyecheka ovyo. Alisoma mpango wote, akafungua sanduku, akavikagua vishikwambi. Akatoa namba kumi na saba.

"Hiki kina kioo kipya. Kulikoni?"

Chiriku alisimama, akaeleza yote, pamoja na mahali pale pa kuchekesha. Mwalimu akaonyesha daftari lenye tarehe ya ajali na tarehe ya matengenezo. Afisa alimgeukia mtoto.

"Nimekwenda shule nyingi nikaonyeshwa vifaa visivyo na hata alama ya kidole," alisema. "Hapo hujua hakuna aliyesoma. Hebu nisomee hapo pa kuchekesha."

Chiriku alisoma. Afisa asiyecheka ovyo alicheka mpaka akavua miwani. Siku tano baadaye barua ikaja. Madarasa yote yangepata.

Jumamosi asubuhi Chiriku aliamka, akakuta meza imetandikwa. Kabati la vioo lilikuwa wazi. Mezani kulikuwa na vikombe vitatu vyenye mstari wa dhahabu, na chai ilikuwa inatoa mvuke. Baba alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi miguu.

"Mama, nani anakuja?" aliuliza Chiriku.

"Wameshafika," alisema Mama Kabati. "Karibuni mkae."