Igizo la Ndoo ya Nyasi

Asubuhi huko Masara huanza kwa mlio wa nyundo. Jua likichomoza tu, wanawake wameshakaa chini wakiponda mawe, na wauza chai wameshaanza kubishana ni nani mwenye chapati laini. Nyangi huwa hapo na nyundo yake. Kwa soga hana mpinzani, lakini mawe nayo hupondeka.

Mumewe, Wangwe, ni mchimbaji. Hushuka shimoni kutafuta mawe yenye dhahabu. Walihama kutoka upande wa Kehancha mwaka wa 1995, wakapanga chumba huko Masara. Juu ya shimo kuna gogo lenye mkono wa kuzungushia. Kamba imefungwa kwenye gogo, na ndoo imefungwa kwenye kamba. Anayezungusha gogo hilo ni Elkana, Mjaluo mwenye kifua kipana na mdomo usiopumzika. Wangwe ni Mkuria. Kazini wote huongea Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake, na walipenda sana kutaniana.

Siku moja Elkana alikuwa akishusha ndoo yenye nyundo na tindo. Chini, Wangwe hakuwa amesogea pembeni bado. Akaita kwa sauti. Badala ya ndoo kusimama, ikaporomoka moja kwa moja na kumpiga begani. Ingempiga kichwani, tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Wangwe alipotolewa nje, ugomvi ukawaka. Elkana alisema aliambiwa aachilie kamba. Wangwe akasema huo ni uongo, hakusema hivyo hata kidogo. Kila mmoja aliapa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mjaluo amemfanyia Mkuria makusudi. Utani wote ukaisha siku hiyo.

Nyangi alimkanda mumewe bega kwa maji moto huku machozi yakimtoka.

"Baba Boke, hutashuka tena huko," alisema. "Turudi nyumbani tukalime tumbaku."

"Tulime wapi? Shamba ni la ndugu zangu. Hapa ndipo tunapata chakula."

"Chakula nitakula na nani, kama wewe umeisha?"

Nyangi akasema wazi kwamba kama jambo hilo halitatengenezwa kabla ya Jumamosi, atafunga mizigo.

Mwenye shimo, Mzee Hamud, mfanyabiashara wa mjini Migori, alisikia akaja na pikapu yake. Akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kila mtu awe makini. Wote wakajibu, "Ndiyo, mzee." Akaridhika, akaenda zake. Sasa, ile ndiyo ya wafanyakazi mbele ya tajiri wao ni nyepesi mno. Hutoka mdomoni kabla maneno hayajaingia masikioni.

Jirani yake Nyangi aliitwa Phanice. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo. Walikuwa wameigiza Rangwe na Homa Bay, wakifundisha watu kuchemsha maji ya kunywa wakati wa kipindupindu. Nyangi alimweleza shida yake. Phanice akasema wale watu wameambiwa, lakini hawajaonyeshwa. Jioni ile ile akaja kumwona Wangwe.

"Dada, maigizo ni ya kuchekesha watu sokoni," Wangwe alisema. "Sisi hii ni kazi."

"Ndiyo maana tuigize," Phanice akajibu. "Ukikosea shimoni, unaumia. Ukikosea kwenye igizo, unacheka, halafu unarudia. Na mtu akifanya kitu kwa mikono yake, mikono yenyewe inajifunza."

Siku iliyofuata, kabla ya kazi, wafanyakazi walikutana kwenye kibanda cha chai. Phanice alipitisha kamba juu ya boriti. Akatundika gunia katikati ili wa juu na wa chini wasionane. Ndoo akaijaza nyasi, isimuumize mtu. Kisha akatoa masharti. Fanyeni kama mlivyofanya siku ile. Msielezee, fanyeni tu. Nikipiga makofi, kila mtu agande alipo.

Wangwe alijikunyata nyuma ya gunia. Mwanzoni alitia madoido, akajifanya anakohoa vumbi na kuomba chai. Watu wakacheka. Phanice akamwomba aache mchezo na akumbuke hofu ya siku ile. Elkana akaanza kushusha ndoo polepole. Wangwe akainua macho, akaona ndoo inamjia.

"Wee!" akaita.

Papo hapo Elkana akaachilia kamba. Nyasi zote zikamwagika kichwani mwa Wangwe. Watu wakaangua kicheko. Phanice akapiga makofi, wote wakaganda.

"Elkana, umesikia nini?"

"Amesema *we*. Kwetu ukisema *we*, ni kusema achilia. Nikajua ndoo imefika."

Wangwe akatoka nyuma ya gunia, nyasi bado ziko kwenye nywele.

"Mimi nilikuita tu, kama mtu anaita mwenzake. Nilitaka ungoje."

Hakuna aliyekuwa amedanganya. Neno moja dogo lilitoka chini likiwa Kiswahili, likafika juu likiwa Kijaluo.

"Omera, ndugu yangu," Elkana alisema, na sauti yake ilikuwa nzito, "karibu nikuue, na nilidhani nakusikiliza."

Phanice hakuwaacha waishie hapo. Akawabadilisha nafasi. Elkana akakaa chini, Wangwe akashika kamba. Ndoo ilipoanza kushuka, Elkana, pamoja na kifua chake chote, alijikuta anakunja mabega. Akakiri kwamba hakuwahi kujua mtu wa chini anasikiaje.

Kisha wakatafuta dawa. Mwenzao mmoja, Ogeto, alipendekeza filimbi. Wakaigiza. Mtu wa pembeni akapiga filimbi kana kwamba yuko shimo la jirani, na Elkana akasimamisha ndoo isiyohusika. Filimbi ikakataliwa. Mwishowe wakachagua maneno ya kazi: vuta, shusha, simama, imefika. Wa juu alirudie neno kabla ya kusogeza mkono. Akisikia neno lingine lolote, ashike kamba na aulize. Wakayaigiza hayo mara nyingi, mpaka wauza chai nao wakawa wanajibu "Nimesimama" wakiitwa na wateja.

Jumamosi ilifika. Nyangi hakufunga mizigo, lakini siku hiyo aliponda mawe yake karibu kabisa na shimo.

Majuma yakapita. Asubuhi moja ndoo ikiwa njiani kushuka, udongo uliteleza na kumnasa Wangwe mguu. Hofu ikamfutia maneno yote.

"Wee!" alipiga kelele.

Huko juu mikono ya Elkana ilistuka. Haikuachilia. Ilikaza.

"Nimeshika. Sema neno."

"Simama."

"Nimesimama."

Ndoo ikaning'inia juu ya kichwa cha Wangwe, na nyundo ndani yake, mpaka alipochomoa mguu na kusogea pembeni. Ndipo akasema, "Shusha," na Elkana akashusha.

Mzee Hamud alipopata habari, aliagiza kila mfanyakazi mpya aigize kwanza kabla ya kugusa kamba. Wachimbaji wa mashimo jirani nao wakaja kumwomba Phanice awafundishe.

Elkana mwenyewe, siku ile udongo ulipoteleza, alikaa chini kando ya gogo lake. Nyangi hakuwa amemsalimia tangu ajali ya kwanza. Alimwendea, akaishika ile mikono yake kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza mwanamke yule wa soga alikosa la kusema.