Jiwe la Kubangulia Korosho

Harufu ndiyo iliyoanza. Oliva alikuwa uani kwake Lukuledi, jua la utosi, akibangua korosho juu ya jiwe jipya, mara akasikia harufu ya baruti na nywele zilizoungua.

"Baba Huruma, jiwe hili umelitoa wapi?"

"Pale kwenye mnara wa kapteni na askari wake," Gasper mumewe alijibu akicheka. "Lilikuwa limebanduka. Waliokufa vitani miaka mia iliyopita watabangua korosho gani, Mama Huruma?"

Sikio la kufa, jamani! Akachukua kirungu amwonyeshe mkewe kazi, akapiga korosho, akapiga kidole gumba, akapiga na cha pili, wala hakulia, bali aliendelea kuvivunja kimoja kimoja huku damu ikimrukia mkewe usoni na sauti nzee ikifoka kinywani mwa Gasper: "Inuka, mpagazi! Beba!" Oliva alipomshika, alimtupa ukutani, akamkaba mbuzi mpaka shingo ikavunjika.

Majirani walimfunga kamba, wakampeleka mnarani pamoja na lile jiwe. Bi Dorika, mganga, akamkabidhi Oliva unga wa mtama.

"Kila ukimimina, taja jina la marehemu. Asibaki hata mmoja, la sivyo mumeo atakufa."

Oliva aliyasoma yaliyochongwa: kapteni, kisha askari. Kila jina lilipotajwa Gasper alitapika damu, akalegea kidogo. Majina yakaisha.

"Na mimi?" sauti nyingine ikanong'ona kinywani mwa Gasper. "Nilibeba risasi zao toka Newala. Nilipochoka wakanimaliza."

"Jina lako nani, babu?" Bi Dorika aliuliza.

"Hawakuliandika. Nami nimelisahau."

Hapo kamba zikakatika, na Gasper akaanza kugonga kichwa kwenye mnara, akagonga, akagonga, mpaka mfupa wa paji ukaonekana, na Oliva, mapenzi yamemzidi akili, unga ukimwagika viganjani mwake, akapiga yowe: "Gasper! Gasper wangu!"

"Mama wee, umefanya nini?" Bi Dorika alilia. "Aliye hai hatajwi kwenye unga!"

Gasper akaketi, akajipangusa damu taratibu. Oliva akamwekea kiganja kifuani. Kifua hakikupanda wala kushuka.

"Ahsante kwa jina," kinywa kikasema. "Twende nyumbani, mke wangu."