Homa Aliyoificha Kidoti

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidoti alifumua pindo za suruali kwa wembe huku mama yake, fundi cherehani, akipasha pasi moto. Siku hiyo alijitazama kwenye kioo cha wateja. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba na gego lilicheza.

"Umeficha limau mdomoni?" kaka yake alimtania.

Jino liling'olewa. Uvimbe haukujali, baada ya wiki mbili ulimfumba jicho. Hospitalini walikata kinyama kidogo, wakakipima, kisha daktari akawaita. Hakupindisha maneno.

"Ni saratani ya tezi za limfu. Chembe zinazolinda mwili zimeasi, zinazaana ovyo. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ina haraka ya ajabu. Haiambukizi, wala hakuna aliyemroga mtu. Dawa ipo: mizunguko sita ya dripu. Sita, mama, si mitano."

Kidoti alitapika hadi nyongo. Nywele zilibaki kwenye mto. Lakini ndani ya wiki uvimbe uliyeyuka.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha mvulana waliyemwita Kamanda. Uvimbe wake uliponywea, baba yake alimrudisha nyumbani dawa zikiwa nusu. Aliporejeshwa, tumbo lilikuwa limejaa. Siku ya nne kitanda kilitandikwa shuka safi, na Kamanda hakuwepo tena.

Baada ya mzunguko wa tatu, Kidoti aliruhusiwa kwenda nyumbani kwa muda. Muuguzi alimpa mama kipimajoto.

"Dawa hii inaua hata askari wa mwili. Joto likifika thelathini na nane, njooni saa hiyohiyo."

Alhamisi asubuhi Kidoti aliamka akitetemeka. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Aliifikiria sindano. Ijumaa rafiki zake walikuwa waje kumwona. Na uvimbe si ulikwisha? Akakibana tena kipimajoto kwapani, safari hii juu ya gauni.

"Thelathini na sita, mama."

"Haya, njoo nikupime sare. Umekonda kama uzi."

Mama alipitisha futi shingoni. Vidole vyake vikasimama.

"Ngozi hii ni pasi."

"Lakini kipimajoto…"

"Miaka kumi na tano mikono hii inapima watu. Hebu inua mkono!"

Walifika hospitalini Kidoti akiweweseka. Kwa siku mbili hakumtambua mama yake. Siku ya tatu aliomba maji, akalia, akasema kila kitu.

Muuguzi hakumbembeleza. "Sisi tunatibu unachotuambia. Ukitudanganya, tunatibu uongo, ugonjwa unabaki unakula."

"Kwani Kamanda naye alidanganya?"

Muuguzi alikitazama kile kitanda. "Hapana, mwanangu. Kamanda alikuwa mtoto. Wakubwa ndio walioyaamini macho."

Mizunguko mitatu iliyobaki Kidoti aliimaliza, na joto alilitaja kila siku, liwe zuri au baya. Miezi iliyofuata vipimo vilikuwa safi, na sare ikaanza kumbana. Alichukua wembe aifumue mwenyewe.

"Taratibu," mama alisema, akiwasha pasi. "Na usikilize. Uvimbe kutoonekana si kupona. Anayepona ni yule anayemaliza dawa na kusema ukweli, hata ukweli ukimrudisha kwenye sindano."