Vidole Vilivyochelewa Kwenye Breki

Octavian alikuwa mtu wa Njombe, nyanda za baridi kusini mwa Tanzania, na hakukubali mtu yeyote amfundishe baridi.

Aliishi Troyeville, Johannesburg, pamoja na mke wake Melania na binti yao Emmy. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa majumbani kwa pikipiki ndogo. Melania alikuwa fundi wa kushona shanga kwenye magauni ya harusi, katika karakana moja huko Fordsburg. Gauni moja liliweza kula shanga elfu mbili, na Melania alizishona zote kwa mkono, moja moja. Mabibi harusi walikuwa wakifika mlangoni na kuuliza, "Yule Mtanzania yupo leo?" Kama hayupo, walisema watarudi kesho.

Asubuhi wote watatu walikunywa chai ya tangawizi. Emmy alikwenda shule kwa miguu na watoto wa jirani. Octavian alimpakia Melania kwenye pikipiki na kumpeleka kazini, kisha akaenda kwenye kazi yake. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Mwezi wa Juni baridi ya Johannesburg iliingia. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Octavian alivaa suruali mbili na kuweka magazeti kifuani chini ya koti. Alivaa glavu za sufu, na juu ya glavu akavuta mifuko ya plastiki ya mkate.

"Baba Emmy," Melania alisema, "mikono yako umeifunga kama mkate wa jana."

"Inatosha," Octavian alijibu.

"Haitoshi. Jana ulishindwa kufungua kufuli ya geti, nikafungua mimi. Nunua gripu za moto kama za Parfait."

Parfait alikuwa Mkongo, dereva mwenzake kazini. Pikipiki yake ilikuwa na vishikio vya usukani vyenye waya ndani. Waya hizo zilipata umeme wa betri na kuvipasha viganja vyake joto. Madereva waliviita gripu za moto. Octavian aliviita vitu vya watoto.

"Mama Emmy, mimi nimevuna viazi Njombe mwezi wa Julai kwa mikono mitupu. Baridi naijua tangu tumboni."

Melania akacheka. "Njombe ulikuwa umesimama shambani. Viazi havikimbii kilomita themanini kwa saa. Hapa upepo unakukuta mbioni."

Emmy naye akacheka. "Eish, Baba! Mama amekumaliza."

Octavian alicheka pia, lakini hakununua. Laiti angenunua siku ile! Miaka yote iliyofuata aliikumbuka chai ile na kicheko kile, na moyo wake ulimuuma.

Jumanne moja ya Julai waliondoka kama kawaida. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Walipofika barabara kubwa, vidole vya Octavian vilikuwa vikiuma sana. Baada ya muda maumivu yaliisha. Akajisemea, "Naam, mikono imezoea." Hakujua kwamba mikono haikuwa imezoea. Ilikuwa imekufa ganzi.

Mbele yao kulikuwa na roboti, maana ndivyo watu wa Johannesburg wanavyoziita taa za barabarani. Taa ikawa nyekundu. Gari la mbele likasimama. Octavian aliliona vizuri, na kwa wakati. Aliviambia vidole vyake vikamate breki, lakini vidole havikusikia. Plastiki ikateleza kwenye chuma. Alipofanikiwa kuibana breki, aliibana yote kwa nguvu, kwa sababu hakuweza kupima. Gurudumu la mbele likaserereka. Wakaanguka.

Octavian alisimama akiwa mzima. Goti lilichubuka kidogo tu. Melania alikuwa amekaa chini kando ya barabara, ameshika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Hakulia. Alikuwa akikiangalia kidole chake cha shahada, kile cha kushikia sindano. Kilikuwa kimebanwa kati ya chuma cha pikipiki na ukingo wa barabara.

Hospitalini daktari aliwaambia kwamba mfupa utaunga. "Lakini mshipa unaokunja kidole umeharibika," alisema. "Sidhani kama kitakunjika tena kama zamani."

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Octavian aliiwaza methali hiyo usiku na mchana, na aliona ina kasoro. Asiyesikia alikuwa yeye, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima. Aliyevunjika ndiye aliyesema.

Kitu kimoja kilimuumiza kuliko vyote. Melania hakumwambia hata mara moja, "Nilikuambia." Alimpikia kwa mkono wa kushoto na kunyamaza. Octavian alitamani amkemee, hata mbele ya majirani. Kemeo angelijibu. Ukimya ule hakuwa na la kuujibu.

Basi siku ya nne alikwenda dukani mbio. Majuto yalikuwa yakimsukuma, na mtu anayesukumwa na majuto hasomi maelekezo. Alichukua gripu za moto za kwanza alizoziona. Nyumbani alivua vishikio vya zamani. Vile vipya vilikuwa vigumu kuingia, akavisukuma kwa nguvu na gundi. Waya mbili akazifunga moja kwa moja kwenye betri. Akaziwasha, zikapata moto. Akamwita Melania aone.

Melania akagusa kwa mkono wa kushoto. "Zina moto," alisema. Akarudi ndani.

Asubuhi pikipiki haikuwaka. Betri ilikuwa imekwisha kabisa. Octavian aliketi kwenye ngazi na kushika kichwa.

Melania alitoka, mkono umefungwa bendeji, shuka begani. "Kukaa hapo hakutaiwasha," alisema. "Twende kwa fundi Théodore. Ukisukuma, mimi nitaongoza njia."

Théodore alikuwa fundi wa pikipiki kutoka Bukavu. Alifanya kazi kwenye ua wa nyumba moja Bertrams, si mbali. Ndiye aliyemfungia Parfait gripu zake. Aliiangalia pikipiki kwa muda mrefu, kisha akaushika mkono wa mafuta, ule wa kulia unaoongeza mwendo, akauzungusha na kuuachia. Haukurudi. Ulibaki pale pale ulipozungushwa.

"Ndugu," alisema polepole, "nani alifunga hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Bon. Unaona? Unaachia mafuta, lakini injini inaendelea kukimbia. Betri kuisha ni bahati yako. Hii njo inaua mtu." Kwa Kiswahili cha Bukavu, "njo" ni "ndiyo".

Octavian alihisi jasho likimtoka, ingawa kulikuwa na baridi. Angempakia tena Melania juu ya kitu kile.

"Nieleze, fundi," alisema. "Taratibu. Safari hii nasikiliza."

Théodore aliwapa viti. "Gripu ya kulia na ya kushoto haifanane. Ya kulia iko na tundu kubwa kidogo, kwa sababu inakaa juu ya bomba la plastiki linalozunguka ukiongeza mafuta. Wewe ulibadilisha, kisha ukalazimisha. Tena hizi ni ndefu kuliko usukani yako, zinasugua pembeni. Kabla ya kununua, pima unene na urefu. Ukimaliza kufunga, zungusha mafuta na uachie. Lazima irudi yenyewe. Kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na kila mara uachie tena. Waya zisivutwe, zisibanwe."

"Na betri?" aliuliza Octavian.

"Betri haina kosa. Wewe njo uko na kosa," Théodore alisema, akatabasamu ili lisiume sana. "Ulifunga direkti. Ukazima pikipiki, gripu ikaendelea kula umeme mpaka asubuhi. Umeme wa gripu lazima upite kwenye ufunguo. Unazima ufunguo, na gripu inazima. Tena hukuweka fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri. Waya ikichubuka ikagusa chuma, fyuzi inakatika. Bila fyuzi, pikipiki inaweza kuwaka moto."

Melania alikuwa akisikiliza kwa makini. "Parfait ana pikipiki kubwa," alisema. "Hii yetu ni ndogo. Itaweza?"

"Mama ameuliza vizuri! Pikipiki ndogo inatengeneza umeme kidogo. Taa inakula, injini inakula, na gripu inakula. Wakila kuliko unavyopika, sufuria inaisha. Kwa hiyo soma boksi, chagua gripu zinazokula kidogo, tena zenye ngazi za moto, tatu ao ine. Zingine zinajizima zenyewe betri ikianza kushuka. Hizo ni nzuri. Kwenye foleni, injini ikiwa polepole, punguza moto ao uzime."

"Na swichi?"

"Chagua swichi yenye kitufe kikubwa, uweze kubonyeza na glavu bila kuangalia chini. Washa moto mkali dakika za kwanza tu, kisha ushushe. Mkono yenye ganzi haisikie moto. Inaweza kuungua na wewe hujui."

Octavian aliinamisha kichwa. Mkono wenye ganzi hausikii. Hilo alikwisha kujifunza, na si yeye aliyelipia.

Théodore alizichukua glavu za sufu na mfuko wa plastiki. Mfuko akautupa. "Gripu inapasha kiganja tu. Upepo unapiga mgongo ya mkono. Weka vikinga upepo mbele ya usukani. Hizi glavu sasa…"

"Sufu ina matundu," Melania alimkatiza. Kuhusu vitambaa hakungoja mtu amfundishe. "Upepo unapita kama kwenye wavu. Inataka ngozi juu, mgongoni. Kiganjani pawe pembamba, joto lipite."

"Fundi amesema," alisema Théodore kwa heshima. "Neno la mwisho. Gripu si dawa ya kila baridi. Kila ukisimama, fanya hivi." Akainua mkono wake. Akagusa kidole gumba kwa kidole cha shahada, kisha cha kati, cha pete, na cha mwisho. "Vidole vyote vikifika, endelea. Kimoja kikishindwa, hapana kuendesha. Simama, ingia dukani, weka mikono makwapani mpaka damu irudi. Na maumivu yakiisha ghafla wakati bado ni baridi, usifurahi. Hapo njo hatari."

Octavian alikumbuka maneno yake mwenyewe ya Jumanne ile: "Naam, mikono imezoea."

Gripu zile zilikuwa na gundi, hazikurudishika dukani; wakanunua nyingine, fupi, zinazokula umeme kidogo. Théodore alizifunga kupitia ufunguo, akaweka fyuzi, kisha akamkataza Octavian kuichukua pikipiki siku hiyo. "Gundi lazima ikauke mpaka kesho. Gripu ikizunguka mkononi mwako, tumerudi mwanzo."

Melania alikata ngozi ya jaketi kuukuu na kuishona mgongoni mwa glavu. Aliishona kwa mkono wa kushoto. Mishono ilikwenda upande. Miaka yote ya ndoa yao Octavian hakuwahi kuona mshono wa mke wake ukienda upande. Alizivaa glavu zile, akatoka nje, akalia.

Wiki zilizofuata alifika kazini mikono ikiwa na joto. Kwenye roboti vidole viwili tu vilitosha kubana breki, taratibu, kama alivyotaka. Madereva wenzake walimwona akihesabu vidole kila kituo na wakamtania kwamba anasali rozari. Akawaeleza habari yote, hata sehemu ya aibu. Baadaye nao wakaanza kuhesabu, na wawili wakapeleka pikipiki zao kwa Théodore.

Bendeji ya Melania ilitolewa mwezi wa Agosti. Karakana ilimrudisha kazini, lakini kwenye meza ya kupiga pasi. Shanga alipewa msichana mwingine. Muda wote huo hakuwa amepanda pikipiki. Octavian hakumwomba, kwa sababu hakuona ana haki ya kuomba.

Asubuhi moja yenye baridi alimkuta Melania nje, amesimama kando ya pikipiki na kofia ngumu kichwani.

"Umehesabu?" aliuliza Melania.

Octavian akavua glavu, akainua mkono. Gumba likagusa shahada, kati, pete, mwisho. Vyote vilifika.

Melania naye akauinua mkono wake wa kulia, kama daktari alivyomwagiza kuuzoeza. Gumba na kidole cha shahada vilisogeleana polepole. Vilikaribia, vikakaribia tena, kisha vikasimama. Havikugusana.

"Bado," alisema. Alisogeza mkono karibu na macho ya mumewe. "Unaona nafasi hiyo? Shanga moja inapita."

"Nisamehe, Mama Emmy," Octavian alisema. "Uliniambia."

"Nilikuambia," alijibu Melania.

Hatimaye alilisema. Octavian alilipokea bila kujitetea. Melania akapanda nyuma, akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Kidole kimoja hakikukunjika. Octavian alikisikia ubavuni, kimenyooka, njia nzima hadi Fordsburg.