Nani Atamuulizia Ogwang?

Kila asubuhi kabla ya shule, Abbo alifagia mbele ya kibanda cha baba yake pale Kiyeyi, akatoa pampu, beseni la maji na sanduku la spana, akavipanga kando ya barabara. Baba yake, Ogwang, alikuwa fundi wa baiskeli. Zamani watu walitoka mbali, hata Mella, kumletea magurudumu yaliyopinda. Siku hizi mikono ilimtetemeka. Spoku ikimponyoka tena na tena, mteja alijikohoza, akachukua baiskeli yake, akaenda kwingine. Chanzo kilikuwa pombe, na kijiji kizima kilijua.

Lillian, muuguzi wa kituo cha afya, hakuzunguka mbuyu. "Mzee Ogwang, ini lako limechoka. Ukiendelea kunywa utawaacha watoto yatima. Dawa hizi ni za kuanzia tu. Baada yake unahitaji wenzako, watu walioacha kama wewe."

Ogwang aliogopa, na alisema wazi kwamba anaogopa. Wiki hiyohiyo Lillian alimpata Abbo njiani. "Mwambie baba, kikundi kipo hapahapa, chumba cha katekisimu pale kanisani, kila Jumamosi mchana."

Jumamosi Abbo akapita kuchungulia dirishani. Loo! Kwenye benchi la mbele ameketi Mama Proscovia, mama yake Jared! Na huyo Jared alikuwa mtani wa darasa zima, mdomo wake haujui kufuli. Abbo hakujiuliza Jared angemchekaje wakati mama yake mwenyewe yumo humo. Aibu haimpi mtu nafasi ya kufikiri.

Jioni akamwambia baba yake, "Sista Lillian anasema kikundi cha hapa kimefungwa. Kipo cha Busia, nilisikia redioni."

"Busia ni mbali, lakini nitakwenda," alisema Ogwang.

Basi kila Jumamosi akawa anapanda baiskeli kwenda Busia. Mwanzoni alirudi na vumbi tele, macho meupe, njaa ya kweli. Abbo akajipongeza moyoni: kule hakuna anayemjua baba! Kisha Ogwang akaanza kurudi amechelewa, akitafuna majani ya mpera ili kuficha harufu. Spoku zikaanza tena kumponyoka.

Jumamosi moja Abbo alifuatana na mama yake aliyekwenda Busia kununua dagaa. Mama alipokuwa sokoni, Abbo akauliza njia mpaka akaufikia ukumbi wa kikundi. Mwenyekiti, mzee Mangeni, alimpokea vizuri.

"Ogwang? Yupi huyo, mwanangu? Hapa wanapita madereva wa malori na wachuuzi, leo huyu, kesho yule. Asiyekuja tunadhani kasafiri."

Abbo akatoka mbio. Nyuma ya maegesho ya malori aliiona baiskeli ya baba yake imeegemezwa ukutani. Ogwang alikuwa amekaa na wanaume wengine wakikizunguka chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu mdomoni.

"Baba!"

Ogwang aliinuka, akamfuata nje, uso chini.

"Kwa nini, baba? Si ulisema umeacha?"

"Niliacha, mwanangu. Lakini Jumamosi mbili niliumwa, sikufika kikundini, na niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Hawa wa chungu nikipita tu wananiita kwa jina na kusogea nikae."

Abbo alilia kwa sauti, hakujali nani anatazama. "Nilikudanganya. Kikundi cha Kiyeyi hakijafungwa. Niliogopa Jared atanicheka."

Ogwang aliishika baiskeli yake. Maneno yale yalimuuma, ilionekana. Kisha akasema, "Na mimi nimekudanganya na majani ya mpera. Twende tukamwambie mama."

Lillian alimwanzishia dawa upya. Jumamosi iliyofuata Ogwang aliingia chumba cha katekisimu, na Mama Proscovia akasogea kwenye benchi. "Baba Abbo! Tunakusubiri tangu mahindi yakiwa machanga."

Nje, Jared alimtazama Abbo. "Kumbe mlikuwa na maringo tu, ndiyo maana hamkuja! Kaa hapa, wakianza kuimba hawamalizi." Akamgawia nusu ya muhogo wake.

Mambo hayakunyooka siku moja. Jumamosi moja mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Ogwang alikaa akitazama mlango, kiu ya pombe imemshika. "Leo siendi," alisema, na Abbo akaijua sauti ile ya siku za pombe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama Proscovia alisimama mlangoni na wanakikundi wawili, wamelowa mpaka magotini. "Nafasi yako iko wazi, Baba Abbo. Tumekuja kuuliza kuna nini."

Ogwang alifunika uso kwa viganja. Mama Proscovia akamgeukia Abbo, kwa upole.

"Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba ametusimulia habari za Busia: ulidhani atapona mahali asipojulikana. Lakini anayeacha pombe anahitaji watu watakaogundua kwamba hayupo. Ukweli ndio unaowaleta watu hao mlangoni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Ogwang akapangusa macho, akasimama. "Ngojeni nivae gambuti," alisema. Abbo alikuwa tayari chini ya kitanda, gambuti moja mkononi, akiitafuta ya pili.