Goti Moja Vumbini

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, nahodha wa klabu ya karate ya chuo alifungua mlango wa ukumbi akakuta ukuta wa mbele mtupu. Ubao haupo. Wenyewe haukuwa na ukubwa wa kutisha, urefu wa mkono tu, na maandishi meusi ya Kijapani. Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kurusha ngumi humo kabla ya kuuinamia. Sensei, mwalimu wa klabu, aliuleta kutoka Okinawa enzi za ujana wake, alipokuwa fundi wa injini melini, na siku zote alisema umeandikwa "Subira Hushinda Nguvu". Jumamosi, mjukuu wa mwalimu wake wa huko angefika kuitembelea klabu.

Kabla ya saa mbili mwizi alishatajwa. Watu walioinamia subira miaka yote hiyo hawakuwa nayo hata chembe.

Aliyetajwa ni Kiwiko, binti wa mwaka wa tatu mwenye mdomo usiojua breki. Wiki iliyopita aliondolewa kwenye timu ya maonyesho, na jana saa kumi na mbili jioni alionekana akitoka jengo hilo. Kamati ya nidhamu ingekaa saa tisa alasiri. Akipatikana na hatia, chuo basi.

Kazi ikamwangukia mkuu wa ulinzi, mama aliyestaafu upelelezi, ambaye mkanda wake mweusi ulifungwa na Sensei mwenyewe. Aliwazuia wote mlangoni, akachungulia. Jana mafundi walisugua dari mpaka saa kumi na moja, na sakafu ilijaa vumbi jeupe. Juu ya vumbi kulikuwa na njia moja tu ya nyayo, kwenda ukutani na kurudi.

"Mafundi huvaa nini miguuni?" aliuliza.

"Mabuti, Afande."

"Huyu alikuwa peku. Na chini ya msumari wa ubao kuna alama za viganja viwili na goti la kushoto."

"Yaani mwizi kapiga magoti kwanza?" nahodha alishangaa.

"Goti," alisahihisha mama.

Saa mbili na robo Sensei akafika, akachechemea hadi kizingitini. Akatoa salamu yake ya kila siku: viganja chini, mguu wa kulia kaunyoosha kando, tangu goti lile lipasuliwe. Mkuu wa ulinzi alimshika mkono kumwinua, huku nahodha akimtajia jina la Kiwiko. Hakumtazama usoni.

Kiwiko alihojiwa saa nne.

"Nilifuata mkanda wangu chumba cha kubadilishia nguo. Ukumbini sikukanyaga."

"Ulikuwa na hasira na Sensei?"

"Nilikuwa nayo, na bado ninayo. Ningetaka kumkomoa ningemwambia ana kwa ana."

"Hebu niinamie kama mnavyoinama."

Alipiga magoti yote mawili, haraka, bila kufikiri. Mama akafunga daftari. Alijua tayari. Alitembea uwanjani mizunguko mitatu akitafuta mtu mwingine wa kushuku, akamkosa.

Saa saba na nusu alibisha ofisini kwa Sensei, akavua viatu, akaingia.

"Nani mwingine huinama kwa goti moja, Sensei?"

Mzee alisukuma kiti nyuma. Kisha akainama, akatoa ubao chini ya kabati, umefungwa taulo.

"Hukuweza hata kuiba bila kuinama," mama alisema.

"Miaka yote hiyo, mwanangu. Mwili ulikwenda wenyewe." Akamsogezea barua ya yule mgeni, yenye picha ya mlango wa ukumbi wa zamani wa babu yake. Pembeni mwa mlango palitundikwa ubao wa maandishi yaleyale, na mgeni alikuwa ametafsiri chini yake: *Vua viatu hapa. (Huu ni mpya; ule wa kwanza uliibwa.)*

Mama alisoma mara mbili.

"Hukupewa."

"Nilikaa miezi mitatu tu. Meli ilikuwa inaondoka, nami nilitaka kurudi na kitu. Niliung'oa nikidhani ndio usia wa yule mzee. Kusoma sikujua." Alijifunika uso. "Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa miaka arobaini, na bado haikunitosha kusema kweli."

"Hilo ningekusitiri. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Lakini asubuhi ulisikia jina la Kiwiko ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulimwacha mtoto wa watu afukuzwe."

"Nimeona haya, mwanangu."

"Hata mimi," alisema mama, na machozi yalimtoka kwa hasira. "Nimewafundisha wanangu maneno ya ubao huo. Simama twende."

Saa tisa kamili Sensei alivua viatu mlangoni pa kamati, akaingia na ubao kwapani. Alisema yote, wizi wa kwanza na wa pili, bila kujitetea. Kisha akamgeukia Kiwiko, akashusha goti la kushoto, akashusha na la kulia. Watu walimsikia akiguna.

Kiwiko hakumwinua.

"Asubuhi nilimpigia simu mama yangu nyumbani," alisema. "Nikamwambia sikuiba. Akaniuliza, kama hukuiba, mbona Sensei wako kanyamaza?"

Akatoa simu yake, akaiweka sakafuni mbele ya viganja vya mzee.

"Mpigie wewe."