Nyumba ya Mama Ooko

Nyumba haibebwi mgongoni, lakini ya Mama Ooko pale Ziwani iliibwa mwenyewe akiwa ndani, kitandani.

Siku hizi kaunti imeachana na mafaili. Mpangaji wa nyumba zake anajulikana kwa alama ya kidole, na habari zake zote zimo kwenye mtandao. Sasa mtandao ulisema nyumba ni ya Lydiah Wacuka, mtu ambaye bi kizee hakumjua hata kwa sura. Huyo Lydiah alikuwa ameshaleta notisi: mwisho wa mwezi, ahame.

Inspekta Kavinya alianza na Kyule, karani anayepeleka mashine ya vidole majumbani kwa wasiojiweza.

"Mama Ooko alikubali uhamisho?"

"Alikubali, afande. Nilimwona kwa macho yangu."

"Aliweka kidole kipi?"

"Gumba."

"Mama huyu amefulia watu nguo maisha yake yote. Vidole vimelika. Rekodi yenu inasema mashine husoma kidole chake kidogo cha kushoto tu. Usinizungushe, Kyule."

Kyule alinywea. "Sikuingia. Alikuwa anaogeshwa. Ningemtazamaje mama wa watu akiwa uchi? Nilipitisha mashine nyuma ya pazia, ikarudi imekubali."

"Nani alikuwa anamwogesha?"

"Binti yake. Awuor."

Kavinya aliumia. Asubuhi ile ile Awuor alikuwa amemkaribisha chai, akalia mbele yake, naye akamwamini kabisa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Alirudi Ziwani amekasirika, akamkuta binti akimnywesha mama uji.

"Awuor, ni wewe uliyeshika kidole cha mama?"

Awuor aliweka kikombe chini. "Ni mimi."

"Nilidhani unanikata kucha," mama alisema.

"Kwa nini ulifanya hivyo?" Kavinya aliuliza.

Awuor alimjibu mama, si polisi. "Miaka yote hii nakulisha, nakugeuza, nimekataa hata ndoa kwa ajili yako. Karani alipouliza mrithi, ukasema Ooko. Ooko hajakanyaga hapa tangu uugue! Mimi ndiye mkubwa, lakini hata jina unaitwa kwa lake."

"Msichana huolewa, mwanangu. Nyumba ni ya kijana."

"Basi ndiyo sababu. Lydiah alikuwa rafiki yangu. Tulipatana anishikie tu mpaka siku utakapoondoka. Naye akanigeuka."

Mama Ooko aligeuza uso ukutani. Alikuwa analia. "Mchukue, afande. Ooko atakuja kunitunza."

Kavinya alimpigia Ooko, akaweka simu kwenye spika ili mama asikie, akamweleza yote.

"Kwa hivyo nyumba itarudi kwa jina la mama?" Ooko aliuliza.

"Itarudi. Lakini mama anahitaji mtu wa kukaa naye kuanzia leo."



"Afande, si Awuor yuko hapo?"